Kabla Hujapanda Basi la Kasulu

Wakunga vijana wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: nijiandaeje kwenda kuhudumu kambini, miongoni mwa wakimbizi, kama mtu aliyetumwa na kanisa? Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kuamua. Wameomba na kufunga, wamesikia mahubiri juu ya Shifra na Pua, wale wakunga wa kitabu cha Kutoka waliomcha Mungu kuliko Farao, na usharika umeahidi kuwachangia. Kilichobaki ni kujua nauli, viatu na chandarua. Hayo nitayafikia. Lakini maandalizi yanaanza mbali na hapo, yanaanza kwa mama atakayelala mbele yako.

Mfikirie vizuri. Amefika leba usiku, njia imeshafunguka sentimita nane, yuko katika nchi isiyo yake, mume hajulikani alipo, na watoto wengine amewaacha kwa jirani. Ukimwambia alale ubavu, atalala. Ukimwambia asukume, atasukuma. Ukimwambia "tuombe", ataitikia amina, hata kama ni Mwislamu, hata kama kwa sasa hataki kusikia habari za Mungu kabisa, kwa sababu uhai wake na wa mwanawe uko mikononi mwako. Mtu huyo hawezi kukukatalia jambo lolote. Kila nitakalokushauri hapa chini linatoka kwenye hilo: unajiandaa kumhudumia mtu asiye na nafasi ya kusema hapana, na kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kujiwekea mipaka mapema, ukiwa bado nyumbani na akili imetulia.

Ninaposema kambini, namaanisha hasa Kigoma, maana ndiko wengi wanaoniuliza wanakotaka kwenda. Mkenya asome Kakuma au Dadaab, Mganda asome Bidi Bidi, na mengi yatafanana. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, watu walimiminika tena, Nyarugusu ikafurika hadi kupita watu 150,000, ndipo Nduta ikafunguliwa upya kule Kibondo na Mtendeli ikafuata Kakonko. Mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa na watu wake wakahamishiwa Nduta. Kabla ya hapo Mtabila nayo ilikuwa imefungwa mwaka 2012. Yaani kambi hufunguliwa na kufungwa kwa maamuzi yanayotolewa mbali na leba. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza Mtendeli na wa pili Nduta huenda hana hata kadi moja ya kliniki mkononi. Na yule msichana aliyezaliwa Nyarugusu ilipoanza, leo ni mtu mzima anayezaa katika kambi hiyohiyo, na Kongo anaisikia kwa bibi yake tu. Ukienda na picha ya mkimbizi kama mtu aliyefika jana na fungu kichwani, utakosea kuwauliza watu maswali.

Soma historia ya wanakotoka, hasa historia ya hospitali zao. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na baadhi ya wahudumu. Mganga mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyenusurika na baadaye, mwaka 1999, akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu chini ya kanisa la CEPAC. Dunia ilimfahamu zaidi alipopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Mimi hupenda kuwakumbusha wakunga kipande cha mwanzo cha maisha yake: akiwa daktari kijana Lemera aliona wanawake wakiletwa baada ya kuhangaika na uchungu njiani, wengine wakiwa wamechelewa mno, na jambo hilo likamfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Huruma yake ilimrudisha darasani. Na kwa upande wa akina mama, elewa kwamba wako wanaotoka sehemu ambako hospitali imewahi kuwa mahali pa kuulia watu. Mama wa aina hiyo akichelewa kuja kujifungulia kwenye kituo, usikimbilie kusema hana elimu. Mrundi naye usimdharau. Nchini kwao kujifungua kwenye vituo vya serikali kulifanywa bure tangu mwaka 2006, na wengi wao wanajua kliniki ni nini kuliko baadhi ya jirani zetu.

Sasa leseni na uzoefu. Kama ndiyo kwanza umemaliza stashahada na umepata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga wiki iliyopita, subiri. Najua ushauri huu hauwafurahishi watu wenye moto wa wito, lakini nausimamia. Tafuta angalau miaka miwili katika wodi ya wazazi yenye pilikapilika, mahali ambapo mnazalisha usiku kucha na ambapo yuko mkunga mzee wa kukushika mkono unapokosea. Hospitali za makanisa zinafaa sana kwa hili. Ukifanya kazi Kabanga, kwa mfano, uko Kasulu tayari, na mazingira ya mkoa utayajua kabla hujaingia kambini. Jifunze kwenye hospitali yenye vifaa, kisha jiulize kila siku: kitu hiki kikikosekana, ningefanya nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo akina mama wanapofia.

Kuna damu inayotoka kwa kishindo, na hiyo kila mtu huiona. Inayonitisha mimi ni ile ya polepole. Mama wa uzao wa saba amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka, mtoto analia, kila mtu ametabasamu. Taa ni hafifu. Chini ya matako yake pana kanga mbili zilizokunjwa, na damu inaingia humo kimyakimya. Ukiitazama kanga kwa juu, imelowa kidogo tu. Ukiikunjua, ni nzito na inachuruzika. Baada ya nusu saa mama anasema anasikia baridi, midomo imepauka, mapigo ya moyo yanakimbia, na wewe unashangaa imetokea wapi. Imetokea palepale ulipokuwa umesimama. Kwa hiyo jizoeze kuweka mkono juu ya mfuko wa uzazi na kuurudia kila baada ya dakika kumi na tano, ukihisi kama umekaza au umelegea, na jizoeze kupima damu badala ya kuikadiria kwa macho. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kutumia karatasi maalumu ya plastiki yenye alama za kupimia damu, kisha kufanya hatua zote za matibabu kwa pamoja, kulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Hatua hizo ni kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, na kukagua pale damu inapotoka. Sisi wengi tulifundishwa kujaribu moja, tukingoja tuone, ndipo tuendelee na nyingine. Huko kungoja ndiko kunakoua.

Oksitosini yenyewe inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kambini, uliza friji inatumia nini, jenereta huzimwa saa ngapi, na nani anaandika joto la friji. Ikiwa jibu ni kubabaika, hakikisha misoprostoli ipo na unajua dozi yake ya kuzuia na ya kutibu bila kufungua kitabu. Asidi ya traneksamiki inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Andika saa ya kujifungua ukutani kwa herufi kubwa ikibidi. Kifafa cha mimba nacho ujue magnesiamu yake hadi usingizini: gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 10 kwenye misuli, tano kila upande, na namna ya kupima kama imezidi: goti linajibu ukiligonga, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, mkojo unatoka. Jizoeze kuichanganya wewe mwenyewe, maana usiku wa dharura si wakati wa kuanza hesabu.

Kwa mtoto, kitu kimoja kinashinda vyote: dakika ya kwanza. Asiyepumua apanguswe, asuguliwe mgongo, na akikataa apewe hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika haijaisha. Tanzania ni kati ya nchi zilizoonyesha dunia kwamba jambo hili linawezekana kwa wakunga wa kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane za nchini, Haydom ikiwemo, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikipungua kwa karibu nusu baada ya wakunga kupewa mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua. Omba mafunzo hayo, kisha yarudie na mdoli kila juma, maana mkono husahau. Na kwa watoto njiti, usililie mashine ya joto. Kumfunga mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kulianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine zilikuwa hazitoshi, na kambini ndiyo njia itakayookoa watoto wengi zaidi kuliko kitu chochote utakachoomba kwa wafadhili.

Wakati huohuo soma mpango wa huduma za awali za afya ya uzazi wakati wa dharura, ule ambao mashirika ya kimataifa yaliuandaa katika miaka ya 1990 na kuuboresha mwaka 2018. Utakuonyesha kinachotakiwa tangu siku za mwanzo watu wanapofika: huduma kwa aliyebakwa, kuzuia Virusi vya Ukimwi, vifaa vya kujifungulia, rufaa ya usiku na mchana, uzazi wa mpango. Soma pia kipindupindu na ujauzito. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo ufukweni, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikazuka hapohapo. Mjamzito anayeharisha namna ile hupoteza maji haraka na mimba huwa hatarini, kwa hiyo mkunga asiyejua kuongeza maji mwilini anabaki kuwa mtazamaji.

Kuhusu njia ya kuingia. Kambi za Tanzania si mahali pa kufika na kufungua zahanati yako. Ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, huingii bila kibali, na huduma za afya hutolewa na mashirika yenye makubaliano na serikali pamoja na UNHCR. Nyarugusu, kwa miaka mingi, wanaozalisha ni watu wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo njia zako ni tatu: kuajiriwa na shirika la afya lililoko kambini, kutumwa kupitia shirika la kikristo lenye historia na wakimbizi kama TCRS, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1964, au kufanya kazi katika hospitali ya kanisa nje ya kambi inayopokea rufaa. Hii ya tatu watu huidharau, nami naona ndiyo bora kwa mwanzo. Akina mama wenye shida kubwa huishia huko. Isitoshe unawahudumia pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani, jambo linalopunguza ule uchungu wa kusema wakimbizi wanapendelewa.

Lakini elewa unachosaini. Ukivaa fulana ya Msalaba Mwekundu, umevaa ahadi ya kutopendelea dini wala upande. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengi ya misaada walikubaliana mwaka 1994, yakiwemo ya makanisa, zinasema wazi kwamba misaada haitumiki kueneza msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Usisaini huku umeficha moyoni mpango wa kugawa vipeperushi wodini. Kama dhamiri yako haikubali masharti hayo, omba kazi kwingine. Huo ni uaminifu wa kawaida, na Mkristo hana ruhusa ya kuuvunja kwa ajili ya Injili.

Vivyo hivyo kwa mambo ya dhamiri upande wa tiba. Kambini utampokea mwanamke aliyebakwa akienda kutafuta kuni. Ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, na saa 120 za dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Utampokea msichana anayetoka damu baada ya mimba kuharibika, na hutajua iliharibika yenyewe au iliharibiwa. Wakunga wa makanisa hatukubaliani sote kuhusu uzazi wa mpango, na sina nia ya kuwapatanisha Wakatoliki na Wapentekoste katika makala moja. Nasema hivi: lolote ambalo dhamiri yako inalikataa, litaje kwa maandishi kwa mwajiri kabla hujaajiriwa, ili kila zamu awepo mwingine wa kulifanya. Usiligundue mbele ya mgonjwa. Na yule anayetoka damu, msafishe, mwongeze damu, mpe dawa ya maumivu kama unavyompa mke wa mchungaji, bila swali la ziada na bila sura ya hakimu. Habari zake zisitoke chumbani humo. Kambi ni ndogo kuliko inavyoonekana, na neno lililoponyoka kwenye foleni ya maji jioni litakuwa limefika kwa shemeji zake.

Je, mmisionari asihubiri kabisa? Jumapili kahubiri, ukialikwa, kama ratiba na kibali vinaruhusu. Utakuta makanisa tele. Wakongo wamekuja na kwaya zao, wachungaji wao, wazee wao, na pengine Injili imekaa kwao muda mrefu kuliko ukoo wenu ulivyokaa nayo. Nenda ukakae kwenye benchi, usikilize. Omba wachungaji wakufundishe namna wanavyozika kichanga, namna wanavyomtambulisha mtoto, na mwiko gani wanaupinga na upi wameuacha. Misikiti ipo pia. Kamsalimie imamu mapema, umuulize mapema mambo ya maziko ya mtoto aliyezaliwa mfu, ili siku ya msiba usiwe unauliza njiani.

Leba ni jambo lingine. Omba kabla ya zamu, ukiwa peke yako au na wenzako. Omba kimoyomoyo ukiwa umevaa glavu. Mama mwenyewe akiomba maombi, na wengi wataomba, hasa Wakongo, ambao wengine huimba na kuomba kwa sauti uchungu ukipamba, basi shika mkono wake, muombe kwa ufupi, au mwache aongoze yeye nawe uitikie. Anayeanzisha awe yeye. Akinyamaza, nawe fanya kazi. Na usiku ambao mtoto amefariki, tafadhali usimwambie kwamba Mungu amempenda zaidi, wala kwamba atampa mwingine. Muulize kama angependa kumwona. Mfunge mtoto katika kitambaa safi kama ambavyo ungemfunga aliye hai, mweke mikononi mwake akitaka, muulize jina, liandike. Kaa naye kadiri wodi inavyokuruhusu. Maziwa yatatoka siku ya tatu na yatamuumiza, hivyo mweleze mapema la kufanya. Wakunga wengi husahau hilo, na mama hubaki kujikamua peke yake huku akilia.

Lipo jambo la picha, na nitalisema bila kupamba. Usharika uliokutuma utataka taarifa, na taarifa yenye picha huchangisha zaidi. Ukimwomba mama picha saa moja baada ya kumtoa mwanawe aliyekuwa amekwama, atakubali. Angekubali chochote. Ndiyo maana usimwombe. Ziandikie familia zinazokuchangia juu ya kazi, upungufu wa glavu, barabara ya rufaa wakati wa masika, maombi mnayohitaji. Sura ya mama, jina lake, na kisa kinachoweza kumtambulisha viache. Kama wachangiaji wako hawawezi kutoa bila kuona mwanamke akiwa kitandani, wafundishe kabla hujaondoka. Ni sehemu ya maandalizi yako, na wao pia wana haki ya kufundishwa.

Lugha haitakuwa tatizo kama wanavyodhani walioko mbali, wala haitakuwa rahisi kama wanavyodhani Watanzania. Wakongo wengi wa Nyarugusu ni Wabembe na jirani zao kutoka pande za Fizi na Uvira. Kiswahili wanajua, lakini cha kwao, na mwanamke mzee huenda akaeleza maumivu kwa Kibembe. Warundi wengi wanahitaji Kirundi. Kama wewe ni Muha, umebarikiwa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Wengine tafuteni mtu wa kuwafundisha miezi kadhaa kabla, muanze na maneno ya leba: vuta pumzi, usisukume bado, mtoto anacheza, damu inatoka tangu lini. Jifunze pia kusoma Kifaransa cha kadi, kwa sababu historia ya upasuaji wa Uvira au Bujumbura imeandikwa kwa Kifaransa. Mkalimani awe mwanamke mzima aliyekula kiapo cha siri. Usimtumie mtoto wa mgonjwa. Binti wa miaka kumi hapaswi kuwa wa kwanza kumtafsiria mama yake swali la kama alibakwa.

Wakunga wa jadi utawakuta, nao ndio wanaojua nani ana mimba na bado anaificha. Watembelee nyumbani kwao, keti kwenye mkeka, wasalimie kwa heshima ya bibi au mama mkubwa. Usiwafundishe siku ya kwanza. Ukiweza, washawishi viongozi wa kituo wawaruhusu kuwasindikiza akina mama hadi leba na kubaki nao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni mwake wakati wa kujifungua, na kwa aliyepoteza ndugu zake vitani huyo bibi ndiye ndugu. Mkunga wa jadi anayekaribishwa huleta wagonjwa mapema. Anayefukuzwa huwaficha.

Mwili wako sasa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu zinazochukua takribani miezi sita, hivyo ianze kabla hata hujaandika barua ya maombi. Kigoma ina malaria ya kutosha. Chandarua chenye dawa ni lazima, na homa yoyote upimwe. Beba viatu vilivyofunikwa vinavyooshwa, maana damu na maji ya uzazi hayachagui. Beba taa ya kuvaa kichwani na betri za ziada, saa yenye mshale wa sekunde, glavu ndefu za kutolea kondo lililong'ang'ania, aproni ya plastiki, daftari gumu. Kitenge cha heshima kwa ajili ya misiba. Usibebe dawa zako kuanza kugawa. Zitavuruga utaratibu wa famasia na utaonekana mfadhili badala ya mkunga.

Na moyo wako nao uutafutie mtu. Chagua, kabla ya safari, mtu mmoja asiyekuwa bosi wako wala mchangiaji wako, mkunga mzoefu au mchungaji mwenye kifua, ambaye utampigia simu kila juma na kumwambia ukweli. Utazika. Utasikia visa vya vitani saa tisa usiku kutoka kwa mtu ambaye baada ya kukusimulia atalala usingizi, nawe usilale. Kaa mapumziko yako yote, usiyauze kwa sababu wenzako wamechoka. Anayezalisha zamu tatu mfululizo kwa bidii ya imani ni hatari kwa mama wa zamu ya tatu.

Fikiria kuondoka kwako mapema pia. Miongoni mwa wakimbizi wako wauguzi na wakunga waliosomea Kongo na Burundi, ambao kambini hulipwa posho tu na mara nyingi huitwa wasaidizi. Wengine wana uzoefu kukushinda. Waulize wanavyofanya, fanya mazoezi ya dharura pamoja nao, wape nafasi ya kuongoza zamu pale sheria inaporuhusu, andika barua za kuthibitisha kazi waliyoifanya ili siku wakirudi kwao au wakihamia kwingine wasianze na mikono mitupu. Na tangu mwezi wa kwanza anzisha daftari la akina mama wenye kovu la upasuaji: jina, eneo analoishi, alipasuliwa wapi na mwaka gani kama anajua, lini anatarajia kujifungua, nani atampeleka usiku. Mama wa namna hiyo akiachwa ahangaike na uchungu nyumbani, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka kabla gari halijafika. Daftari hilo likae kituoni kwenye kabati lenye kufuli, wahudumu wa jamii wahakikishe limeongezwa kila juma, na siku unakabidhi kazi ulipitie jina kwa jina na atakayebaki.